Mwanangu Ananiomba Msamaha kwa Kosa la Nyanya Yake Marehemu

Mpendwa Bi Kultum,

Naomba msaada wako, na nimeamua kukuandikia wewe kwa sababu hapa kwetu kila mtu ana jibu lake na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali.

Mimi nauza nguo za watoto hapa Migori mjini, kwetu ni Homa Bay, na nimeolewa na Ongeri, fundi wa pikipiki, Mkisii, mtu mzuri, hanywi, hanipigi, siku ya Sabato yuko kanisani mapema kuliko mzee wa kanisa mwenyewe, lakini mama yake, marehemu Nyanchoka, hakunipenda tangu siku ya kwanza, alisema sijui kusonga ugali wa wimbi kwa kuwa nimelelewa kwa samaki, na miaka ilipopita bila mimi kupata mimba akawa ananiita gunia tupu. Siku moja walikuja wageni kutoka Kisii, nikausonga huo ugali kwa moyo wangu wote, akaonja, akainuka, akaubeba mpaka mlangoni akawamwagia kuku, akasema, "Mtu hajui kulisha, Mungu atampatia mtoto wa nini?" Ongeri alikuwepo, ameketi papo hapo, akawa anaangalia viatu vyake. Maneno hayo sijawahi kuyatoa moyoni, Bi Kultum, nakwambia ukweli. Baadaye mama aliugua, nikampelekea uji hospitalini, akanigeuzia mgongo akatazama ukuta, na akafa hivyo hivyo bila sisi kusemezana.

Hatujamaliza hata matanga vizuri, nikapata mimba. Nikajifungua msichana, naye akawa analia mchana na usiku, ziwa hataki, mpaka wakubwa wakaitwa, yakatajwa majina ya marehemu wa ukoo moja baada ya jingine, na lilipotajwa la Nyanchoka akanyamaza, akanyonya, akalala. Mama yangu mzazi, ambaye ni Mjaluo, akasema hata kwetu ni hivyo, mtoto hulia mpaka aitwe kwa jina la yule aliyemtaka. Ongeri alitokwa na machozi. Na mimi tangu siku hiyo naitwa Mama Nyanchoka, mama wa mtu aliyesema sitakuwa mama.

Sasa mtoto anakaribia miaka mitano na nyumba nzima imemgeuza kuwa bibi kizee, Ongeri anamsalimu yeye asubuhi kabla yangu, anamwita "Mama," na wifi yangu Nyakerario, dada mkubwa wa Ongeri, amemletea leso ya marehemu, na mtoto akikataa uji wangu wanacheka, "Ameanza tena!" Nami, Mungu anisamehe, nikisikia hivyo mkono wangu unarudi nyuma wenyewe, siwezi kumkumbatia. Mzee Machuki wa kanisani alikuja kutuonya kwamba wafu wamelala, hawajui neno lolote mpaka siku ya ufufuo, Ongeri akamuuliza, "Basi mzee, ni nani huyo alinyamaza alipoitwa?" Mzee akasema, "Ni mtoto amechoka kulia." Wakabishana mpaka chai ikapoa, na mimi nilikuwa jikoni nawasikiliza, nikaona wote wawili wananiambia nisiwe na uchungu, kila mmoja kwa njia yake.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Nyakerario amemsimulia mtoto habari ya ule ugali, na hakumwambia "nyanya yako alifanya," alimwambia "wewe ulifanya." Jioni hiyo nilikuwa jikoni nikaona nimeshikwa gauni, nikageuka, mtoto amesimama na sahani yake ambayo hajaigusa, akasema, "Mama, pole nilimwagia kuku ugali yako. Nimekuletea hii yangu." Mwanzo nilisikia utamu, naona aibu kuandika lakini ni kweli, kwa sababu pole hiyo nimeingoja miaka, halafu nikaona mikono inayoshika sahani ni midogo hivi, nikamwambia arudi akale. Tangu hapo kila siku anakula ugali nusu, nusu nyingine ananiwekea kando, anasema analipa, na kila akienda kulala ananiuliza, "Ushanisamehe?" Mimi namwambia alale.

Na sasa Nyakerario ameitisha kikao cha ukoo Desemba, mbuzi atachinjwa, mtoto avishwe leso, aniombe msamaha mbele ya watu, nami nimpe mkono nimkubalie, eti nyumba itulie. Ongeri amefurahi sana. Nikikubali, nitakuwa nimemtwika mwanangu dhambi ya mtu mwingine mpaka azeeke, nikikataa watasema nimekataa kumsamehe marehemu, na nikisema huyu si Nyanchoka nitakuwa nimempokonya mume wangu mama yake mara ya pili. Huyu mtoto ni nani? Nimsamehe au nisimsamehe?

Mama Nyanchoka, Migori

JIBU LA BI KULTUM

Mama Nyanchoka, mdogo wangu, kwanza pole. Pole kwa ugali, pole kwa lile jina la gunia, pole kwa ule uji ulioubeba mpaka hospitalini ukakutana na mgongo. Nimeanza na pole kwa sababu katika barua yako yote sikuona mtu mzima hata mmoja aliyekupa.

Sasa nikugombeze kidogo. Mtoto anakula nusu ugali na wewe unaniuliza roho ni ya nani? Umenieleza kwa urefu anachokataa, anachovishwa na anachoitwa, lakini hukuniambia hata kitu kimoja anachokipenda. Hukuniambia anacheka kwa nini, anaogopa nini, anacheza na nani. Unamjua marehemu ndani yake kuliko unavyomjua yeye, na hilo, mdogo wangu, huwezi kumlaumu Nyakerario peke yake.

Kuhusu roho, mimi sitakudanganya. Sisi Waislamu tumefundishwa kwamba roho ni jambo la Mola na tulichopewa kukijua ni kidogo, mzee wako Machuki ana mafundisho yake, mumeo na mama yako wana ya wazee wao, na wabishane tu, chai ipo. Swali lako mimi naliona jepesi kuliko lao. Wewe unagandisha maziwa? Unatia kidogo ya jana kwenye ya leo, na ladha ya jana inaingia, hakuna anayekataa. Lakini aliyeumwa tumbo na maziwa ya jana haendi kukigombeza kibuyu cha leo. Mwanao anaweza kuwa na jina la nyanya yake, macho yake, hata ukali wake kwenye uji. Kumwaga ule ugali hakumo. Hakumbuki tendo hilo, amesimuliwa, na mtoto wa miaka minne ukimwambia yeye ndiye aliyeiba mwezi atalala akiutafuta chini ya kitanda aurudishe.

Haya, tuseme mumeo ana haki, Nyanchoka amerudi kweli. Basi mtazame alivyorudi. Yule aliyesema hujui kulisha amerudi hawezi hata kujipakulia, na akaja kwako. Mtu kama huyo unamwekea kikao na mbuzi? Huyo unampa chakula. Njia yoyote utakayoifuata, ya Machuki au ya Ongeri, inakufikisha jikoni, mbele ya mtoto mwenye njaa.

Hiyo pole uliyoingoja ni haki yako, usione aibu kuitamani. Ila umeiangalia upande usio wake. Siku ile mlangoni kulikuwa na mtu aliyeona kila kitu, angali hai, ana miaka yake na jina lake mwenyewe, naye akachagua kuangalia viatu. Ongeri ni mtu mzuri, umesema, nami nakuamini. Watu wazuri pia hunyamaza. Ni rahisi kwake kumwachia binti yake aombe msamaha kuliko kufungua mdomo yeye. Mkalishe chini, bila kelele, mwambie: "Baba Nyanchoka, sihitaji pole ya mtoto. Nahitaji yako." Halafu nyamaza umwache atafute maneno, na usimsaidie.

Kikao cha Desemba kiwepo, mbuzi wa watu asipotee bure. Lakini atakayesimama ni Ongeri, mtoto wa marehemu, aseme mbele ya ukoo kwamba mkewe alikosewa na yeye alikuwepo. Wifi yako mwambie kwa heshima zote, leso ikunjwe iwekwe sandukuni, binti akikua ataivaa kama urithi wa nyanya yake akitaka. Jina abaki nalo, ni zuri, na mumeo akimwita "Mama" kwa mapenzi mwache, wangapi tunaitwa hivyo na baba zetu. Ila neno "ulifanya" likome nyumbani kwako kuanzia leo. Na marehemu mwenyewe, nenda kaburini kwake peke yako, umwambie kwa Kijaluo, kwa Kiswahili, kwa lugha itakayokutoka, umgombeze mpaka uchoke. Ukimsamehe siku hiyo, sawa. Usipoweza, rudi siku nyingine, yeye hana haraka.

Lakini yote hayo yanaweza kungoja. Lisiloweza kungoja ni la jioni hii. Songa ugali wa wimbi, mmoja, sahani moja, ukae chini na binti yako. Mwambie: "Wewe hukumwaga kitu. Ulikuwa hujazaliwa. Huna deni kwangu." Atakuuliza tena, maana umemzoesha kungoja, na wewe mwambie tena hivyo hivyo, huku mkono wako uko mgongoni kwake. Akiacha nusu, kaa naye, msimulie kitu cha kumchekesha, mle pamoja.

Na ukiniandikia tena, usinieleze huyo mtoto alikuwa nani zamani. Niambie amemaliza sahani.

Bi Kultum