Kopo la Mafuta ya Dubu Haliji

Kwa mdogo wangu Mwita, hapo nyumbani Gorong'a,

Habari za huko, mura? Mgongo wa mama unaendeleaje? Watoto hawajambo? Baba mpe shikamoo yangu kabla hujamsomea barua hii, maana ukimaliza huenda asitake kuiitikia. Mimi nipo, nakohoa tu kwa baridi hii ya Marekani. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu kila nikigusa habari ya mguu wa baba unasema mtandao mbovu, unakata.

Dada wa Sirari aliyekuletea barua hii ndiye aliyekuwa aje na kopo la mafuta ya dubu. Hana kopo. Msimpekue mizigo.

Mwita, ile picha uliyonitumia niliifungua nikiwa nakula. Loo! Nilisukuma sahani. Kidonda cha baba mmekipaka mafuta ya mkia wa kondoo mpaka kinang'aa, nzi amenasa humo humo, na kidole kidogo kimekuwa cheusi. Chini yake umeandika, "Tunasogeza siku, mafuta ya dubu yakija atapona." Mnasogeza siku! Mzee ana sukari, kidonda anacho tangu mavuno, na wewe unampaka mguu kama chapati! Nimesikia kinyaa, sikufichi.

Lakini mdomo ulioanza ni wangu. Nilimweleza baba kazi yangu ya kufagia mabanda ya dubu hapa kwenye kituo cha utafiti. Kwamba kabla ya baridi mnyama huyu anakula mchana kutwa, vichwa vya samaki, matunda, chochote, udenda unamtiririka kifuani, ananenepa mpaka tumbo linakaribia kuburuzika. Baridi ikiingia analala miezi, hali, hanywi, anaishi kwa yale mafuta tu, kama kondoo wetu anavyokonda mkia wakati wa kiangazi. Kila msimu wataalamu humkata kipande cha mafuta kidogo kama haragwe wakapime, kwa sababu akiwa amelala mwili wake unakuwa kama wa mgonjwa wa sukari, na akiamka unarudi sawa. Baba akanikatisha: "Hayo mafuta yake nitumie." Nami kwa sifa zangu nikajibu, "Sawa, tata." Wataalamu wenyewe bado wanatafuta anaponaje, wala hakuna aliyepona kwa kuyapaka. Hilo sikumwambia.

Jirani mmoja mwindaji akanipa pande la mafuta ya dubu aliyemuua kabla ya baridi. Nikalichemsha chumbani kwangu. Mwita, usiombe! Dubu yule alikuwa ameshiba samaki waliooza mtoni, na mafuta yakanuka hivyo hivyo, manyoya yanaelea juu. Nilitapika. Nguo nimefua mara tatu, bado wenzangu kazini wanakaa mbali nami. Na pamoja na hayo nikayachuja, nikajaza kopo, nikalizungushia selotepu! Nilijua hayaponyi kitu. Nilitaka tu wazee wakija hapo nyumbani waseme mtoto aliye Marekani kamponya baba yake. Aibu gani hii! Nimejichukia kuliko ile harufu.

Asubuhi nikampelekea dada wa Sirari, ambaye ni muuguzi huku. Alifungua kifuniko, akaziba pua, akataka kuona picha ya mguu. Nikampa simu aione.

"Hiki kidole kimeshakufa," akasema. "Sasa unataka nibebe hii kitu ikapakwe juu ya maiti? Wakiendelea kungoja, mguu utaenda, halafu mzee mwenyewe."

Nikayamwaga kwenye pipa la taka mbele yake.

Basi mura, leo hii, si kesho. Osha huo uchafu wenu wa kondoo, mpandishe baba bodaboda, mpeleke hospitali ya wilaya. Najua atasema hospitali wanakata. Wakikata kidole, si wamekata kidole? Bora kidole.

Msalimie mama, na shemeji yangu, mkeo, mwambie nashukuru kwa kumpikia mzee. Shangazi wa Issenye naye msalimie, ila aache kuleta mikia ya kondoo.

Na baba akigoma, mwambie kopo limemwagwa na Chacha mwenyewe, kwa mikono yake. Akitaka kunilaani, anilaani. Lakini anilaanie hospitalini.

Ni mimi kaka yako, mikono bado inanuka,
Chacha