Miaka Mitatu Iliyokatwa Kwenye Cheti

Papa wangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka Kisangani, wewe na wote ulio nao hapo Sake. Mgongo unaendeleaje? Nilisikia risasi zimewashusha tena kutoka kilimani kabla ya kuvuna maharagwe, nikakosa hamu ya kula. Mimi mwili ni mzima. Barua hii nampa dereva wa lori la yule mfanyabiashara wa Butembo. Anaongea kama redio, lakini mzigo wa mtu haupotezi.

Nina neno, na nataka ulisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa mwingine.

Unajua bursi yangu, fedha ya serikali inayonisomesha, ni ya wanafunzi wanaoanza kujifunza utafiti, na umri wa mwisho ni miaka ishirini na minne. Mwezi uliopita profesa wetu, mama mpole asiyependa uzembe, alitupa kazi ya kwanza: tujichunguze sisi wenyewe. Nani wanapata bursi hii? Wametoka wapi, wazazi wanafanya kazi gani, wana umri gani? Kila mmoja alijaza fomu, mimi nikapewa kuzipanga kwenye jedwali.

Nilipanga kwa furaha mpaka nikafika kwenye umri. Papa, sisi wa Masisi na Walikale tulikuwa na umri sawasawa na watoto wa mjini, ambao hawajakimbia vita hata siku moja. Mwenzangu mmoja akachungulia, akasema, "Kumbe kule kwenu vita haikuharibu masomo." Hakusema kwa ubaya. Alisoma tu nilichoandika.

Nikamfuata kaka mmoja wa Walikale tunayesoma naye, aliyechimba madini Omate kisha akarudi shuleni akiwa na ndevu zake. Nikamwuliza umri wake wa kweli. Akacheka.

"Dada, mimi walinikata miaka ine. Ulizani uko peke yako?"

Unakumbuka siku ile kwenye ofisi ya vyeti vya kuzaliwa, karatasi zetu zilipokuwa zimeungua pamoja na nyumba? Ulimwambia karani, "Hii miaka tatu vita njo ilikula. Haiko ya mutoto. Uitoshe." Karani akaiondoa, shule ikanipokea pamoja na wadogo. Sikukulaumu siku ile, wala leo sikulaumu. Bila hivyo nisingefika hapa. Lakini mbele ya jedwali lile niliona aibu. Miaka ile nilikuwa Shasha nikiuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, badala ya kusoma, na ni katika miaka ile tulimzika Mama. Kwenye cheti changu haipo.

Nikaenda kwa profesa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Jedwali lazima lifike kwenye ofisi ya bursi. Ukiandika ya kweli, siwezi kukukinga," akasema. "Bursi itakwisha. Ukinyamaza, mimi sikusikia kitu. Enda ufikiri."

Nilifikiri siku tatu, Papa, na niliogopa sana. Niliufikiria mgongo wako, nikawafikiria watu wa parokia walioniombea nipate nafasi hii. Siku ya tatu nikafuta ishirini na tatu, nikaandika ishirini na sita. Fomu za wengine sikuzigusa. Kila mtu na siri yake.

Jibu la ofisi ya bursi limetoka juzi. Bursi yangu inakoma mwisho wa mwezi huu. Nimepata kufundisha hesabu asubuhi katika shule moja ya msingi, na mchana nitaendelea na masomo, kwa hiyo kumaliza kutachelewa tena. Nimezoea kuchelewa. Jana kaka wa Walikale alikuja na fomu mpya mkononi, nikamwuliza kama anajua anachokipoteza.

"Najua," akasema. "Ongeza na miaka yangu ine. Nimechoka kuwa mutoto."

Kama umekasirika, niandikie hivyo hivyo, usinifiche. Nitapokea, maana wewe ulifanya ulichoweza na mimi nimefanya nilichoweza.

Nisalimie shangazi Furaha anayekupikia, kaka yangu Bahati na pikipiki yake isiyopona, mdogo wangu Esperansi, na katekista wetu. Na barabara ya Shasha ikitulia, fika kaburini kwa Mama. Mwambie binti yake ana miaka ishirini na sita.

Ni mimi mtoto wako,
Riziki