Kurasa Kumi na Moja

Jumatatu, 6 Julai
Mazoezi ya kikapu saa kumi. Mwanangu Nyemo mgongoni hadi akalala, nikamlaza kwenye kanga kando ya benchi. Upepo, vumbi machoni. Wasichana wangu kumi na mmoja wote wamefika. Kocha aliondoka na wachezaji wakubwa wote, tukaanza upya na hawa watoto. Miezi mitano sasa nawakimbiza mimi, na kucheza nacheza.
Mwenyekiti wa timu amekuja. Kamati inatafuta kocha mkuu, usaili Jumamosi. Akaniambia niandike maelezo ya kila mchezaji, yatatumika kwenye usaili. Kaniambia mimi. Hakumwambia mwingine.
Naogopa hata kuandika ninachofikiria.

Jumanne, 7 Julai
Nimeandika Nyemo alipolala mchana. Kila msichana ukurasa wake. Sauda: mrefu, usimfokee, anazima kabisa. Rehema: goti la kushoto, asiruke mfululizo. Nimeongeza na la upepo: jioni, goli la upande wa barabara, lenga ubao kulia kidogo, la sivyo mpira unakwenda zake. Nimeishia kidato cha pili. Lakini haya nayajua.

Alhamisi, 9 Julai
Nimepeleka daftari. Mwenyekiti kalipekua, kasema vizuri sana. Nimemwambia Baba Nyemo nadhani wananipima mimi. Hakucheka. Kanipigia pasi gauni la kanisani, kaliunguza pindo. Simlaumu.

Jumamosi, 11 Julai
Nina hasira.
Nimefika saa tatu, na gauni langu, Nyemo kwenye kanga mpya. Nje ya ofisi wanaume watatu na bahasha zao. Mwenyekiti akanitazama juu mpaka chini. "Mama Nyemo, umependeza hivyo, kuna harusi wapi?" Wakacheka wote. Kisha akasema nimekuja wakati mzuri, niwamiminie wageni chai.
Na nikamimina. Hilo ndilo linaniuma. Mtoto mgongoni, chupa ya chai mkononi, na wao wanapokezana daftari langu, kila mmoja anasoma kabla ya kuitwa ndani. Ndivyo lilivyotumika.
Hakuna aliyenidanganya. Nilijidanganya mwenyewe. Lakini miezi mitano yote, hata kuniuliza?

Jumapili, 12 Julai
Kanisani sikusikia neno. Jioni Sauda kaja hapa nyumbani, Miyuji. Shikamoo dada, kisha akasema wamempata kocha, katoka Dar, na wao kesho hawaendi. Nikamwambia waende. Nilimfokea, mimi niliyeandika asifokewe. Kisha nikalia. Akambeba Nyemo.

Jumatatu, 13 Julai
Nimekwenda. Kocha mpya si mjinga, bahati mbaya. Kamwambia Rehema apumzishe goti. Kawaambia walenge kulia. Maneno yangu, yanatoka mdomoni mwake, na daftari kalibana kwapani.
Mwisho wa mazoezi nikamfuata. "Kocha, shikamoo. Daftari hilo ni langu, naliomba."
Mwenyekiti akadakia kwamba hiyo ni mali ya timu. Kocha akashangaa. Alikuwa ameambiwa limeandikwa na kamati. Kamati. Watu ambao hawajui hata majina ya wasichana. Nilitaka kumrushia mwenyekiti mpira usoni. Sikurusha, Nyemo alikuwa analia.
Kocha akamtazama mwenyekiti. Kisha akanipa.
"Humu wamo kumi na mmoja," akasema. "Leo nimehesabu kumi na wawili. Lijaze, uniletee Jumatano."
Nikalibana kwapani.

Jumanne, 14 Julai
Asubuhi. Nimefua. Upepo umetulia. Nyemo ananyonya, naandika kwa mkono mmoja.
Kwenye jalada nimeweka jina langu kamili. Nimelikoleza mara mbili.
Ukurasa wa kumi na mbili: Janeth. Miaka ishirini na tatu. Anacheza vizuri akilala vizuri. Ana mtoto, huja naye. Hapendi kumimina chai. Aliifundisha timu hii miezi mitano. Anataka kuendelea.
Nimesoma tena. Sijafuta kitu.