Uso wa Apiyo

Migosi, Kisumu
14 Juni 1992

Mpendwa kaka Joram,

Pokea salamu zetu. Natumaini baridi ya Gaborone haijakuzidi na kile kifua kimepona. Sisi tu wazima, ila Mama miguu bado inamsumbua, na mvua imetunyeshea mpaka jikoni.

Kaka, kaa chini kwanza. Hakuna aliyekufa. Ni habari za binti yako Apiyo.

Mwezi uliopita mtafiti wa chuo kikuu, mama mmoja anayeitwa Nasipwondi, alifika shuleni kwao na kamera ya video. Anatafuta njia ya kuwatambua mapema wanafunzi wenye dhiki moyoni. Aliwahoji mmoja mmoja huku kamera ikinasa nyuso zao, halafu akazitazama picha akiwa amezima sauti. Walimu walimwambia asijisumbue na Apiyo, maana hakuna mchangamfu kama yeye. Lakini mama huyo aliona ni mdomo tu uliocheka. Macho hayakucheka hata kidogo, na akiulizwa habari za nyumbani, taya lilikakamaa.

Akamwita tena, bila kamera. Na mimi nikaitwa, kama shangazi yake wa hapa mjini.

"Apiyo, hiyo kicheko ni ya nani?" alimwuliza.

Mtoto akasema, "Ni ya Mama. Nisipocheka, anaona Adongo kwa jeneza."

Kumbe tangu malaria imchukue pacha wake Adongo mwaka jana, Apiyo amekuwa akiogopa uso wake mwenyewe, kwa kuwa ndio ule ule wa marehemu. Alituambia pia kwamba asubuhi nyingine hutamani asingeamka. Alisema kwa sauti tulivu, kama mtu anayeagiza chumvi dukani.

Nasipwondi alitupeleka siku hiyo hiyo kwa daktari wa mambo hayo. Sasa Apiyo anakaa kwangu na kila wiki tunarudi kwa daktari huyo. Siwezi kukudanganya kwamba amepona. Chakula anakigusa tu. Jana alilia mchana kutwa, na daktari alishasema tumwache alie.

Mama yake, wifi Dorca, alikuja Jumapili kutoka Sondu. Alipoona mtoto hacheki, alijifunika macho kwa leso akatoka nje.

"Perez, mbona mnanirudisha mochari?" aliniuliza, akaenda zake bila hata chai. Simlaumu. Yeye naye, tangu tuzike, hakuna aliyekaa naye akamwuliza anaendeleaje.

Omba ruhusa kazini uje, kaka. Nilimwuliza Apiyo nikuandikie ulete nini. Akasema hataki kitu. Ila kaburi la Adongo wewe hujaliona, na anataka awe yeye wa kukupeleka.

Ogola na watoto wanakusalimu sana. Mama anakutaja katika kila sala. Nisalimie Enos na jamaa zetu wote wa huko. Mungu akufungulie njia, akulete salama.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Perez