Jozi ya Tatu ya Spika

Jumatatu, 3 Machi

Nimekasirika. Bora niandike kabla sijamtukana mtu. Bosi wa studio kaniita ofisini, kafunga mlango. Eti yule dada mwimbaji amesikiliza nyimbo zake, zote anaziona kali, na njuga za ule wa mwisho ndizo zinamkata masikio. Miaka ishirini na miwili nachanganya sauti za watu, leo njuga ndizo za kunishtaki! Nikamweleza kwamba nilizipandisha kwa sababu zilikuwa hazisikiki. Akanipa tarehe.

Nina mpaka Alhamisi ya wiki ijayo nirekebishe nyimbo zote tisa. Studio imeshachukuliwa na watu wengine, kwa hiyo nifanyie nyumbani. Nikishindwa, albamu anapewa fundi mwingine. Kuhusu kiti changu pale studio hakusema kitu, ila nilimwelewa.

Spika za studio ndizo zimechoka, nilishasema tangu mwaka jana. Nyumbani nataka spika mpya, safi. Kesho dukani.

Jumanne, 4 Machi

Jozi ya kwanza. Nyeusi, nzito, mgongo umeniuma kuzishusha. Muuza spika — namwita Mzee Stakabadhi, maana hakuuzii hata waya bila kukuhimiza utunze stakabadhi — kaniapia zitanifaa. Zimenifaa nini! Besi inazunguka sebuleni kama mgeni ambaye hajaonyeshwa pa kukaa. Sauti za juu hakuna kabisa.

Haki ya Mungu, sebule yenyewe ni balaa. Imepinda kama kiwiko. Chini vigae, upande mmoja kioo kitupu mpaka juu, upande wa pili ngazi imebana dari. Ukipiga kofi moja unajibiwa matatu.

Baba watoto kachungulia, kasema mbona ziko safi tu. Huyo hata mlango ukilia kwa kutu atasema safi.

Alhamisi, 6 Machi

Jozi ya pili. Ndogo, za bei ya kujitutumua. Nimetandika zulia la chumbani juu ya vigae, nimeegemeza godoro kwenye kioo, nimepanga mito ngazini. Watoto wanapita kwa ubavu. Na bado! Besi imepungua, njuga sizipati.

Baba watoto akashauri nimwite mtu mwingine asikilize, masikio mawili mapya. Nikamwambia hii ni kazi yangu, si yake. "Sikio la kufa halisikii dawa," akasema, akaenda zake jikoni.

Mama mkwe anaishi nasi tangu goti lilipomsumbua. Kutwa yuko kwenye kiti chake cha ukindu, pale pale kwenye kona ya kiwiko, anafuma. Nikamuuliza kwa adabu tu kama muziki unasikika sawa pale alipo. Akasema, nasikia vizuri, mwanangu. Nikajisemea moyoni: uzee huo.

Jumamosi, 8 Machi

Mzee Stakabadhi kanikunjia uso. Kanibadilishia, ila jozi hii ya tatu ndiyo ya mwisho. "Mama, mimi nauza spika," akasema mbele ya wateja. "Sebule siuzi." Wakacheka wote. Nikabeba maboksi yangu kichwa chini.

Jumapili, 9 Machi

Nimesogeza, nimepima kwa futi, nimeinua, nimeshusha. Natwanga maji kwenye kinu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepata! Mama mkwe alipelekwa kliniki ya goti. Nikajibwaga kwenye kiti chake nipumzike tu, muziki unaendelea — na besi ikatulia. Sauti ya mwimbaji ikasimama mbele yangu, katikati, imenyooka. Nyumba nzima hii mahali pa kusikilizia ni hapo tu, na ndipo mama mkwe alipokaa miaka miwili anafuma soksi! Kumbe alikuwa anasema kweli.

Lakini mkwe unamwambiaje mama mkwe akupishe kitini? Niliposikia gari niliruka kama mwizi. Sauti za juu sikuwahi kuzichunguza.

Jumanne, 11 Machi

Baba watoto kakataa kunisemea. Anasema mama yake si fenicha. Nimezungukazunguka mpaka saa tano, nikaanza, "Mama, samahani..." Akacheka. Kumbe aliniona tangu jana ninavyokikodolea macho kiti chake, akadhani nimekivunja. Akajikokota na goti lake mpaka sofa ya ngazini, penye sauti mbovu kuliko zote. Nimeona aibu kweli. Lakini nimekaa.

Nyimbo tano zimekwisha. Tamu!

Jumatano, 12 Machi

Mwimbaji anakuja kusikiliza kesho saa nne asubuhi. Nane tayari. Umebaki wa tisa, ule wenye njuga. Nimezishusha kama anavyotaka, sisikii. Nikapandisha kidogo. Sisikii. Nikapandisha tena — na hiki ndicho kiti chenyewe, jozi ya tatu! Nikaanza kutafuta stakabadhi kwenye droo, nimrudishie mzee takataka zake.

Ndipo mama mkwe akasema kutoka kule ngazini, hata macho hakuyainua kwenye ufumaji wake:

"Njuga hizo kavaa nani? Nzuri. Ila punguza, mwanangu, zinachoma."

Nikamuuliza, njuga zipi?

Akanishangaa. Hizi hizi, akasema, na akaanza kunigongea mapigo yake kwa sindano.

Nimezima ngoma. Nimezima gitaa. Nimemzima mwimbaji. Njuga nimeziacha peke yake. Mstari wake unaruka kwenye skrini, nauona. Chumba kimya. Labda kuna kitu kidogo sana, kama mtu anachekecha mchanga nyumba ya tatu. Labda najidanganya. Naogopa.

Nimemwomba mama ainue kidole kila zinapolia. Hakuuliza kwa nini. Ameweka soksi pembeni.

Ana miaka sabini na mmoja, mimi arobaini na sita. Naandika huku namtazama. Kidole juu. Kimeshuka. Juu. Mstari wa kwenye skrini unakwenda naye sawasawa, hajakosea hata mara moja.

Mwimbaji ameniandikia sasa hivi. Anauliza kama njuga zimekaa sawa.

Kidole cha mama kimepanda tena.