Ratiba ya Mazishi Iliyotaka Kusoma Meseji

Shangazi Susana mpendwa, nisikilize kabla ujasiri haujaniishia. Naandika kwa kalamu na karatasi kwa sababu simu yangu siiamini tena, na ukiisoma hii redioni tafadhali badilisha majina, langu na ya wote nitakaowataja, maana nyumba yetu iko na matanga na sitaki kuwaongezea watu msiba juu ya msiba.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Oyugis, nimeolewa Rusinga, na tumefiwa na mama mkwe wangu, Mama Jedidah, mama aliyenipokea vizuri ingawa alikuwa mkali, mama ambaye hata uwe umebeba maji kichwani na mvua inakunyeshea hakufungulii mlango mpaka aulize kwa Kijaluo, "In ng'a?", wewe ni nani, na wewe useme jina lako na unakotoka ndipo komeo litoke, na hakuna aliyesamehewa, si mimi niliyekaa kwake, si wanawe wa kuzaa, mpaka tukawa tunamcheka kwamba siku malaika wakija kumchukua watasimama nje kwanza. Sasa wamemchukua. Tunamzika Jumamosi, na mimi ndiye ninayeshona sare za familia, kitambaa kimejaa mezani hadi sasa ninapoandika.

Nilikuwa kwa cherehani wakati meseji ilipoingia kutoka kwa simu ya shemeji yangu Jacktone, ndugu mkubwa wa mume wangu, ambaye ni kifungua mimba wa ile nyumba na ndiye mwenyekiti wa kamati ya mazishi, na hiyo meseji ilikuwa na picha ya msalaba na mshumaa, na maneno, "Ratiba ya mazishi, fungua uone jina lako." Shangazi, wewe unawajua watu wetu. Kwetu ratiba ya mazishi si karatasi ya mzaha, wake wa nyumba huitwa kuzungumza kwa mpangilio wa waume zao, na ukirukwa, hiyo itasemwa mpaka uzeeke, na mkaza mwana asiyejua ratiba ya kumzika mama mkwe wake ataambiwa alikuwa anangoja tu afe. Nani angekataa kufungua? Nilibonyeza.

Simu ikakataa. Ikaniambia hairuhusiwi kuweka app kutoka hapo, nikaenda kwa settings nikairuhusu, ikaniambia tena kitu hiki kinaweza kukudhuru, nikabonyeza weka hata hivyo, kikaingia, kikaomba kisome meseji zangu, kikaomba namba za watu wangu, kikaomba kisaidie kubonyeza kwa niaba yangu, na mimi nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama bibi harusi. Kisha nikaona ukurasa mweupe na msalaba mmoja. Jina langu halikuwepo, jina la mtu yeyote halikuwepo.

Nikasema ni simu yangu imezeeka, kwa hivyo nikaiweka ile faili kwenye flashi nikapeleka kwa kibanda cha mume wangu Onyango cha kuonyesha mpira, ambako kuna kile kisanduku cha Android cha TV, nikaiweka huko pia, ikaleta msalaba uleule kwa skrini kubwa na wateja wakaanza kunipa pole. Nikasema basi labda inataka simu mpya. Na hapo, Shangazi, ndipo kosa langu lilipo, hapo ndipo napaona kila nikifumba macho. Nilimpigia Awino.

Awino ni mke wa ndugu mdogo wa mume wangu, sisi tunaitana nyieka, yaani wake walioolewa boma moja, na yeye hununua omena, wale dagaa wa ziwani, kisiwani Remba na ana simu nzuri kutushinda sote, na ni laini yake ndiyo inayopokea mchango wa mazishi. Nikamtumia ile faili. Nikakaa naye kwa simu ya mume wangu nikimwongoza kidole kwa kidole.

"Nyieka, hii kitu inaniambia ni hatari," akasema.

"Wachana nayo, simu mpya zinaogopa sana. Bonyeza tu."

"Inaniuliza kama naruhusu isome message."

"Ruhusu. Kwani una siri gani na omena?"

Akacheka, akaruhusu, na yeye pia akaona msalaba tu.

Mwishowe nikapeleka flashi kwa Sammy wa cyber anichapishie, akaangalia jina la faili, akanitazama mimi. "Mama, hii si document. Hii ni apk. Hii haisomwi, hii inainstalliwa. Hamjaiweka kwa simu, ama?" Nikamwambia hapana, nikaondoka haraka kama mwizi. Na kabla sijafika dukani mteja wangu wa Kendu Bay akapiga kunipa pole, akiuliza nani tena amekufa, maana eti mimi nimemtumia ratiba. Shangazi, mimi sikumtumia kitu! Simu ilikuwa kwa mkoba.

Nilimwambia mume wangu. Akasema, "Hiyo ilitoka kwa Jacktone. Ukisema, ni kama unamwita kaka yangu mwizi wakati mama hajaingia kaburini. Nyamaza tuzike kwanza." Namwelewa, kwetu mtoto wa kwanza haguswi siku kama hizi. Lakini Awino hajui kitu. Mchango unaingia kwake, na ukipotea hakuna atakayesema ni apk, watasema mke wa mdogo amekula pesa ya mazishi, na hilo jina atakufa nalo, na mimi ndiye niliyemshika kidole. Kuna mtu pia ametuma kwa kikundi cha kanisa app ya kufukuza virusi, nayo ni apk, sijaifungua, nangoja neno lako. Niongee sasa ama ningoje Jumamosi ipite? Mimi si mwoga. Nionyeshe pa kuanzia na nitaanza.

Fundi wa Oyugis

*

Fundi wangu, majina nimebadilisha yote, hata la samaki ningebadilisha kama ingesaidia. Barua yako imeletwa hapa Migori na dereva wa vifurushi, nimeisoma nimesimama, na sikungoja siku yangu ya kujibu. Kwanza pole. Pole kwa mama, tena pole ya kweli, maana mkaza mwana anayemkumbuka mama mkwe wake kwa kicheko alipendwa na alipenda.

Pole imeisha. Sasa nikugombeze.

Ile app ya kufukuza virusi, ifute. Usiifungue, usiionje, usimpelekee hata adui. Dawa ya moto ni moto wanasema, lakini si moto wa kuokota njiani! Umeumwa na nyoka asubuhi, jioni mtu usiyemjua anakuletea nyoka mwingine anakwambia huyu ndiye daktari, na wewe unaniandikia kuniuliza? Haya. Angalau umeuliza, hapo nakupongeza.

Na simu yako nayo, maskini, ilikupigia kelele. Ilikataa, ikakuonya, ikauliza tena. Mlinzi wa mlango akikataza mara zote hizo, mwenye nyumba mwenye akili husimama. Wewe ulimtoa mlinzi, ukafungua mlango mwenyewe, ukamkabidhi mgeni ufunguo wa chumbani. Jiulize tu swali hili dogo: ratiba ya mazishi inataka kusoma meseji zako ya nini? Ratiba ni picha, au ni karatasi ya PDF. Unaiangalia, inakaa kimya. Haiombi kuwekwa kama app, haiombi namba za watu, na haiombi kubonyeza kwa niaba yako. Ikiomba, hiyo si ratiba, hata ikiwa na misalaba kumi. Na kitu kikikataa kufunguka kwa simu moja, hiyo si sababu ya kukipeleka kwa TV na kwa nyieka. Umekuwa kama mtu aliyeonja chakula kikawa kichungu akaenda kuwaonjesha majirani.

Nimemaliza kugomba. Sasa mume wako.

Onyango ana uchungu wa mama yake, na heshima kwa kaka ni jambo zuri, simlaumu. Lakini nyinyi wawili mmekaa juu ya jibu hamlioni. Umeniambia simu yako ilimtumia mteja wa Kendu Bay ratiba ikiwa ndani ya mkoba. Nani aliituma? Si wewe. Basi kwa nini mnaamini kwamba ile ya Jacktone ilitumwa kwa mkono wa Jacktone? Yeye pia kuna aliyemtumia, naye aliheshimu msiba akafungua, kama wewe. Shemeji yako hakutenda, ametendwa, na saa hii anashikilia simu mbovu akipanga mazishi nayo. Kunyamaza hakumlindi. Kunyamaza ni kumwacha ndani ya nyumba inayoungua kwa sababu ni mkubwa na haguswi. Mwambie Onyango maneno hayo, kwa upole, kisha msingoje jibu refu.

Weka kitambaa chini. Sare zitashonwa, watu wamezikana na vifungo nusu na dunia ikaendelea.

Chukua simu ya Onyango, na kama nayo iliguswa na hiyo faili basi azima kabambe ya mtu yeyote, ile ndogo ya kubonyeza, mulika mwizi. Mpigie Awino. Usimtumie meseji, mpigie asikie sauti yako. Azime data na wifi saa hiyohiyo. Atoe laini kwa ile simu nzuri aiweke kwenye kabambe, ili meseji zake zisipite tena mbele ya macho ya yule mgeni. Hapo kwa kabambe abadilishe namba ya siri ya pesa, kisha awapigie watoa huduma wa laini yake kwa namba yao rasmi awaeleze, wamwangalizie kama kuna pesa iliyotoka. Wewe fanya vilevile. Na nywila za mahali pengine, benki, barua pepe, WhatsApp, zibadilishwe kutoka kwa simu safi. Ukizibadilisha kwa simu iliyoingiliwa, umemsomea mwizi.

Halafu ndiyo mwondoe mgeni. Mtaingia kwa settings mtafute kila alichopewa, hasa ile ruhusa ya kubonyeza kwa niaba yako, inaitwa Accessibility, na ile ya kuwa msimamizi wa simu kama alipewa. Mnyang'anyeni hizo kwanza, ndipo mfute app, maana akiwa na nguvu hizo atakataa kutoka. Akitoka, bado mimi nisingelala na simu hiyo. Hamisheni picha zenu tu, si app wala apk yoyote, kisha rudisheni simu ilivyotoka dukani, factory reset, Sammy anaijua. Ndiyo, rudi kwa Sammy, umwombe radhi kwa kumdanganya. Kisanduku cha TV nacho ni mwili mmoja na simu, huenda kina akaunti yenu ndani, kichomoe sasa na kisafishwe vilevile. Flashi pia. Wapenda mpira wavumilie.

Jacktone mpigieni nyinyi wawili, Onyango aanze, wewe umalizie. "Simu yako imeingiliwa kama yetu, ilitutumia kitu bila wewe kujua." Ukisema hivyo hujamwita mwizi, umemwita kaka. Yeye mwenyewe, kwa sauti yake, awapigie wakubwa wa ukoo kwamba mchango usimame mpaka laini ya Awino iwe salama, na mtu ambaye hakufungua ile faili aweke onyo kwa kikundi. Jioni mkikutana nyumbani, simama, useme mbele ya wote: mimi ndiye niliyemwongoza Awino, yeye alitaka kukataa. Sema kwa ukamilifu. Pesa ikiwepo au isiwepo, jina la Awino litakuwa limesimama, na ni wewe utakayekuwa umelisimamisha. Utaona haya, ndiyo. Haya haiui, na wewe umesema si mwoga.

Sitaki sasa uanze kuogopa kila app. Mpwa wangu Zablon wa Kehancha ana app ya chama chao cha wakulima ambayo kwa duka la app la simu haipo, aliiweka kwa apk na inafanya kazi yake. Lakini alienda ofisini kwao kwanza akaulizia, akaandika anwani ya tovuti yao kwa kidole chake mwenyewe, hakufuata kilichorushwa kwa kikundi. Aliruhusu mara moja, akaiweka, akarudi kwa settings akafunga ile ruhusa. Ule ukaguzi wa usalama wa simu hakuuzima hata dakika. App hiyo ya bei ya mahindi ingeomba kusoma meseji angeikataa, lakini haikuomba. Basi. Nawe nenda kwa settings za simu, ukishaisafisha, uhakikishe WhatsApp haina ruhusa ya kuweka app yoyote. Mlango huo ufungwe ubaki umefungwa.

Jumamosi vaa sare yako ukamzike mama. Jina lako likiitwa, na litaitwa, usimwage sifa za kukopa. Waambie wakaza mwana na wajukuu jinsi alivyokuacha nje na maji kichwani mvua ikinyesha, wacheke kidogo, kisha uwaambie yaliyowapata wiki hii. Mlikuwa mnamcheka, lakini kwa mlango wake hakuna aliyewahi kuingia kwa kuvaa jina la mwingine. Simu zenu zote zitakuwa mifukoni pale kaburini. Kila moja ni mlango, na tangu siku hiyo kitu kikibisha, hata kikija kwa jina la kifungua mimba, hata kikibeba msalaba, mwenye simu asimame nyuma ya komeo aulize alivyouliza mama: In ng'a?

Shangazi Susana, Migori