Rangi kwenye kaniki ya Kandida

Klementina, weka ungo chini. Kandida wetu amepakwa rangi kama mti!

Bwana misitu alikuja Lumemo kupima ule mvule ulio juu ya kaburi la mwana wa Kandida. Mti ukipigwa alama, unakatwa. Kandida akaukumbatia.

“Toka, bibi!”

“Nipime na mimi!”

Akampima, Klementina! Akauzungusha utepe, yeye na mti pamoja. Ulipomkaba shingo, Fransisko mshika utepe akaulegeza, akanong'ona, “Pole, mama.” Mungu ambariki.

Yule bwana akachovya brashi kwa hasira, akampiga alama mgongoni, akaondoka. Mgongoni! Mti haukuguswa.

Sasa Kandida hataki kaniki ifuliwe. Anasema, “Wakija na misumeno, mwenye alama ni mimi. Waanzie hapa.”